Vibao 96

Popote unaponisikia, uwe Malampaka kando ya reli, uwe Lalago, Mwanhuzi au mjini Bariadi nyuma ya kaunta ya duka, sogea karibu tuzungumze.

Leo nina jambo la shule, na naanzia Sola. Najua nikisema Sola wengine mnaifikiria ile inayowekwa juu ya bati, inayochaji simu na kuwasha taa. Hiyo nayo tutaifikia. Lakini mimi nasema Sola kata, Sola ya Wilaya ya Maswa, humu humu mkoani kwetu Simiyu, ambako mvua ikinyesha udongo mweusi unashika kiatu mpaka unaamua kukivua, na watoto wanaingia darasani miguu yao imevaa soksi za tope. Nazungumza na walimu wa Sola, wazazi wa Sola, na wa kila kata inayofanana nayo.

Ngoja niwapeleke darasani kwanza. Sitaitaja shule. Ni darasa la pili, watoto 96 chumba kimoja, nami nimeketi nyuma kabisa, dawati la mwisho, pamoja na mvulana mmoja mdogo mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Mwalimu, mama mchangamfu mwenye sauti ya kutosha, akaandika ubaoni kumi na tatu jumlisha nane. Akauliza: nani anajua? Mikono kama minane ikapaa. "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!" Akachaguliwa msichana wa mbele, akasema ishirini na moja. Mwalimu akasema mpigieni makofi. Tukampigia. Somo likasonga mbele.

Yule jirani yangu alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kipindi kilipoisha nikamuuliza taratibu, wewe ulipata ngapi? Akanionyesha daftari. Alikuwa ameandika 138.

Msikilizaji, naomba uitazame hiyo namba vizuri. Kumi na tatu, halafu nane pembeni yake: mia moja thelathini na nane. Mtoto yule hakubahatisha. Aliambiwa kujumlisha ni kuweka pamoja, naye akaziweka pamoja. Alifikiri, tena alifikiri kwa mpangilio, ila hakuna mtu aliyemfikia kwenye fikra yake ili amgeuzie njia. Mwalimu aliondoka akiamini darasa limeelewa, maana makofi yalikuwa mengi. Na mimi sina la kumlaumu mwalimu yule. Madaftari 96 kuyasahihisha ni usiku mzima, na kesho yake kuna mengine 96.

Sasa nikupeleke shule nyingine, nayo nisiitaje. Darasa limejaa vilevile, tope lile lile. Lakini kila mtoto ana kibao chake kidogo cheusi, cha ukubwa wa daftari, kipande cha chaki, na donge la pamba la kufutia. Pamba, naam, mkoa huu pamba hatuombi kwa mtu. Mwalimu anataja swali. Anasema, "Andika." Wanaandika, wamekikumbatia kibao kifuani mwenzao asione. Anasema, "Inua." Vibao vyote vinapaa kwa mpigo mmoja.

Mwalimu akazungusha macho tu. Nilihesabu, hazikupita sekunde kumi. Akaona nani amepata, nani amekosa, na la maana kuliko yote, amekosa vipi. Mkosaji mmoja hamwambii mwalimu kitu kikubwa. Wakosaji kumi na tano waliokosa kwa namna moja wanamwambia kwamba jana alifundisha kitu ambacho wao walikisikia kingine. Akawaita mbele wale kumi na tano, akawapa vijiti, wakaanza kuhesabu upya chini ya dirisha, wengine wakiendelea na kazi.

Hicho ndicho ninachokiita teknolojia. Najua neno hili likitajwa tunatazama ukutani kutafuta pa kuchomeka waya. Lakini teknolojia ni maarifa yaliyowekwa kwenye kitu ili kitu hicho kimsaidie mtu kufanya asichokiweza kwa mikono mitupu. Mwalimu mmoja kuingia vichwani mwa watoto 96 kwa wakati mmoja ni jambo lisilowezekana kwa mikono mitupu. Kwa vibao linawezekana. Wazee wetu walikijua kibao. Wengine wenu mnaonisikia mliandikia herufi za kwanza kwenye kibao cha jiwe, au mchangani chini ya mti, mkafuta kwa kiganja. Tulipopata madaftari tukadhani kibao ni alama ya umaskini, tukakitupa. Tulikosea. Daftari linahifadhi kazi ya mtoto, kibao kinaionyesha pale pale, na mtoto akikosea anafuta bila aibu. Kosa la kwenye kibao halina wino mwekundu.

Na chaki, je? Hapa Maswa, ndugu zangu, tuna haki ya kusimama wima. Mkoa ulipoanza mpango wa Wilaya Moja, Bidhaa Moja, Meatu walichukua maziwa, Maswa wakachukua chaki. Vijana walijikusanya wakaanza kuitengeneza, chaki yenye jina la Maswa kwenye boksi lake, ikaingia madarasani mwetu. Baadaye halmashauri nayo ikaingia kwenye ujenzi wa kiwanda kikubwa zaidi.

Nataka nieleze chaki inavyotengenezwa, kwa sababu wapo walimu wanaoishika kila siku na hawajawahi kuwaambia watoto. Unachukua jasi, yale madini laini yanayochimbwa kama kule Makanya na Itigi. Ndani ya jasi kuna maji yaliyofungwa, huyaoni kwa macho. Ukiichoma kwa moto wa kiasi, nyuzijoto kama 150 hivi, sehemu kubwa ya maji hayo inatoka, unabaki na unga mweupe mkavu wenye kiu. Unga huo ukiuchanganya na maji ukawa uji, unayanywa maji yake tena na kuanza kuganda. Ndani ya dakika chache umekuwa mgumu. Kwa hiyo mafundi wanaumimina haraka kwenye vitundu vya kalibu, wanasubiri ushike, wanatoa, wanaanika. Jua likimaliza kazi yake, umepata chaki. Ndiyo habari yote. Somo la sayansi la wiki nzima liko ndani ya kipande hicho: kuchoma, mvuke, kuganda, kukausha. Mwalimu wa Sola akilipanga vizuri, mtoto wake atajifunza kemia kutokana na kitu kilichotengenezwa wilayani kwake, na ataelewa kwamba kiwanda ni watu kama kaka yake.

Mimi jambo hili linanigusa sana. Mtoto wa kijijini amezoea kuona kila kitu cha shule kinakuja kwa gari kutoka mbali, kwa hiyo anajifunza kimyakimya kwamba elimu yenyewe inatoka mbali. Akiishika chaki na kuambiwa hii ni ya Maswa, kitu fulani ndani yake kinakaa vizuri.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana tunazungumza kupitia redio na redio yenyewe imewahi kuwa darasa. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili watu wazima kama milioni mbili, wengi wao vijijini, walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza vipindi vya malaria, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Wenye umri mkubwa mnakumbuka. Redio ilikuwa moja, pengine ya mwenyekiti, imewekwa juu ya kigoda, watu wameizunguka. Lakini siri haikuwa redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na nchi nzima waliandaliwa viongozi zaidi ya 70,000. Kikundi kilikuwa na kijitabu. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, kijitabu kinasomwa kwa sauti, watu wanajadiliana: hapa kwetu mbu wanazalia wapi? Kisha wanashika majembe. Wanafukia madimbwi, wanachimba vyoo.

Linganisha na Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, na waliofanya kazi ile nawashukuru, walijitahidi. Lakini mtoto aliyekuwa huku kwetu alisikiliza peke yake, kama redio ilikuwapo, kama betri hazijaisha, kama hajatumwa kuchunga. Hakuwa na wa kumuuliza, hakuwa na kijitabu mkononi. Sauti ilifika mpaka uani. Somo halikufika umbali huo huo. Kwa maoni yangu tungerudia ya 1973: mtu mmoja aliyeandaliwa kwa kila kundi la watoto wachache chini ya mti. Nalisema hili kwa sababu mafuriko na magonjwa hayajaisha, siku nyingine itakuja.

Haya, vishikwambi. Sensa ya mwaka 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, na baada ya sensa serikali ikaamua vigawiwe walimu wa shule za umma. Ugawaji ulizinduliwa Novemba ya mwaka ule, vishikwambi karibu laki tatu. Ni uamuzi mzuri, nami niliupokea kwa furaha. Siku hizi mwalimu wa kata ya mbali anaweza kufungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania akakuta vitabu vya kiada, asisubiri lori. Kwenye mafunzo ya walimu kazini, yale tunayoyaita MEWAKA, walimu wa shule moja wanakaa pamoja na kufuata somo kwenye kishikwambi, kisha wanabishana. Hapo ndipo ile 138 ya jirani yangu ingepaswa kuwekwa mezani: jamani, mtoto wangu ameandika hivi, nyie mnafanyaje?

Lakini kishikwambi kimoja kikiinuliwa mbele ya watoto 96 ni kama kuonyesha stempu kwenye mkutano wa hadhara. Wa dawati la tatu hawaoni. Nimeona walimu wakijaribu, wakizunguka nacho dawati hadi dawati, na kufika nyuma kengele imelia. Mwalimu mwerevu niliyemwona anafanya kinyume. Usiku anakaa na kishikwambi chake, anaangalia mchoro wa moyo wa binadamu au wa ua, na asubuhi anauchora ubaoni kwa chaki ya rangi, mkubwa, wa ukuta mzima, huku watoto wanauchora pamoja naye kwenye vibao, mshipa kwa mshipa. Kishikwambi kimemfundisha mwalimu, ubao umewafundisha watoto. Kila chombo kimefanya kazi iliyo saizi yake.

Kuna atakayeniambia, mbona watoto wamewahi kujifunza kwa vishikwambi bila mwalimu? Ni kweli, na sitaificha kwa sababu inanipinga. Kati ya 2017 na 2019, mkoani Tanga, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao elfu tatu katika vijiji kama 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule. Umeme ulitoka kwenye sola. Programu zilikuwa za Kiswahili, za kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau hajawahi kumwona mtoto akisoma neno lake la kwanza.

Ila angalia kilichokuwapo pale. Kila mtoto alikuwa na chake. Kulikuwa na kituo cha kuchajia na mama wa kijiji aliyekitunza na kuwakumbusha watoto. Na baada ya hayo yote, karibu nusu ya wale ambao mwanzo hawakuweza kusoma bado walikuwa hawawezi. Kwa hiyo nikiambiwa chagua, nitachagua mwalimu mwenye vibao kuliko kishikwambi kisicho na mwalimu. Nikipewa vyote viwili, nitapokea kwa mikono miwili.

Na sola sasa, nimeahidi. Matumizi mazuri niliyoyaona ya paneli ndogo shuleni yalihitaji vitu viwili tu: simu ya mwalimu na spika ndogo. Huku kwetu mtoto anakuja na Kisukuma chake kizuri, na Kisukuma hakina ile sauti ya r kama ya Kiswahili. Kwa hiyo mahari inakuwa mahali, kura inakuwa kula, na kwenye imla anaandika anachokisikia. Zamani tulichapwa kwa ajili hiyo. Mwalimu huyu hakuchapa mtu. Aliandika kadi mbili za manila, moja MAHARI na nyingine MAHALI, akachora ng'ombe kwenye ya kwanza na nyumba kwenye ya pili. Akarekodi sauti za watoto wenyewe kwenye simu, kisha akawasikilizisha kwa spika: hapa umesema ng'ombe au nyumba? Watoto walicheka, wakataka kurekodiwa tena. Mtoto anayeisikia sauti yake mwenyewe anajirekebisha kwa hiari, na kazi hiyo haikuhitaji intaneti hata kidogo. Simu ikaisha chaji, ikarudishwa juani, kesho ikaendelea.

Vifaa vingine viko miguuni petu. Udongo ule ule unaoshika viatu, masika unafinyangika vizuri kuliko chochote cha dukani. Mtoto wa awali akiifinyanga herufi b kwa vidole vyake, tumbo likielekea kulia, haitachanganyika tena na d. Bao letu, isolo, ni shule ya hesabu iliyokuwapo kabla ya shule: kugawa kete, kukadiria zitaishia shimo gani. Mkalishe babu mmoja na watoto kumi jioni moja. Vizibo vya soda vifungwe kumi kumi kwenye kamba, na hapo ndipo yule mvulana wa 138 angeona kwa macho kwamba tatu na nane zinatoa kumi moja na kizibo kimoja kinabaki.

Ninachokipinga ni chumba kilichofungwa kwa kufuli. Nimewahi kuonyeshwa kompyuta zimefunikwa vitambaa vyeupe, safi kabisa, hazijaguswa kwa miaka, kwa kuogopa zitaharibika. Mwalimu mkuu akawajibika kwa kitu asichoruhusu mtu akitumie. Simlaumu, kifaa kikiharibika yeye ndiye anayeandika maelezo. Lakini wanaotoa vifaa wangeulizwa kabla ya kupiga picha ya makabidhiano: kikiharibika, nani hapa Maswa anaweza kukitengeneza, na kwa fedha gani? Kibao kikipasuka, seremala wa Sola anakitengeneza kabla ya Jumatatu.

Tuzungumze fedha basi, maana mzazi ananisikiliza akisubiri hapo. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikienda shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto, na ndani yake kuna chaki, mitihani, michezo, ukarabati. Mwalimu mkuu anazipima kama mama anavyopima unga mwishoni mwa kiangazi. Kwa hiyo vibao hatuwezi kumwachia yeye peke yake. Baada ya kuuza pamba, kamati ya shule ikikaa na wazazi, mbao hazitushindi.

Na hesabu yake nimeifanya. Plaiwudi moja nyembamba ina futi nane kwa nne. Ukiikata vipande vya futi moja kwa inchi nane unapata vibao 48, hakibaki hata kipande cha kutupa. Plaiwudi mbili zinatoa 96. Ndilo darasa lile zima, pamoja na mvulana wa dawati la mwisho. Kingo zipigwe msasa zisichome mikono, rangi ya ubao ipakwe mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya ya pili, na upande mmoja uchorwe mistari ya kuandikia. Pamba ya kufutia tunayo, na chaki ni ya hapa hapa.

Walimu wa Sola, fundi akiwauliza vipimo mwambieni: futi moja kwa inchi nane.